Jibu Lisiporudi

Yuniti za umeme zikiisha usiku hapa Kiseke, Mwanza, iwe kwenye zile nyumba za PPF au huku juu mawe yanakoanza, siku hizi hakuna anayevaa viatu kwenda kununua nyingine. Mtu anashika simu, anaingiza namba ya mita, kiasi na namba ya siri, kisha anasubiri ujumbe wenye tarakimu 20. Anazibonyeza, taa zinarudi, watoto wanashangilia. Kati ya namba ya siri na taa kuwaka kuna mazungumzo ambayo hakuna aliyeyasikia. Mfumo wa kampuni ya simu umeuliza, mfumo wa malipo umejibu, mfumo wa shirika la umeme, TANESCO, umetoa tokeni, yaani zile tarakimu, na kila mmoja umedai ushahidi kwa mwenzake kabla ya kukubali lolote. Mashine hizo ni za taasisi tofauti, ziko sehemu mbalimbali, na watu walioziandikia programu huenda hawajawahi kuonana.

Naandika kuwasifu waliosanifu mazungumzo hayo, pamoja na vijana wa Mwanza wanaojifunza kazi hiyo kwenye kompyuta mpakato zao kwa bando la kuungaunga. Ni kazi ngumu kuisifu, kwa sababu ikienda vizuri haionekani. Tunaikumbuka siku muamala umekwama tu.

Kwa ufupi, huduma ya wavuti ni programu inayokaa kwenye seva ikisubiri kuulizwa na programu nyingine. Haina skrini wala rangi. Inapokea ombi kwa njia ya HTTP, njia ileile inayotumiwa na kurasa za intaneti tangu Tim Berners-Lee alipoianzisha pale CERN, na inarudisha jibu lenye mpangilio maalumu, mara nyingi XML au JSON. Mwaka 2000 Roy Fielding aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, akaeleza mtindo unaoitwa REST, ambao leo ndio wanafunzi wengi huanza nao. Mtu makini hujifunza sehemu hii kwa muda mfupi. Anaandika mistari michache, anatuma ombi, jibu linarudi, anafurahi, na ana haki ya kufurahi.

Ila bado hajaanza kazi yenyewe. Kazi inaanza siku ombi linapotoka na jibu lisirudi.

Mfikirie wakala wa pesa pale barabarani. Mteja ametaka kulipa shilingi 10,000, wakala amebonyeza, na simu inazunguka tu. Mambo matatu yanaweza kuwa yametokea: ombi halikufika kabisa, ombi lilifika ila likashindikana kule, au ombi lilifika, pesa ikakatwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande huu huwezi kuyatofautisha, maana yote yanaonekana kama ukimya. Wakala ana nafuu: anaweza kumwambia mteja, "Subiri kidogo, mama, tuangalie meseji," wakaangalia salio pamoja. Programu haina mteja wa kumtazama usoni. Ikirudia ombi, huenda pesa ikakatwa mara mbili. Isiporudia, huenda malipo yasifanyike kabisa.

Jawabu walilolipata mafundi ni dogo, na kila nikilitazama nalipenda zaidi. Anayeuliza ndiye anayebuni namba ya ombi, naye huibuni na kuihifadhi kabla ya kutuma. Akiona ukimya, anatuma tena akiwa na namba ileile. Anayepokea hutazama kwanza daftari lake. Hujiambia: namba hii kama nimeshaifanyia kazi, sikati pesa tena. Narudisha jibu la mara ya kwanza, au namwambia mwenzangu kwamba ombi hili ni la marudio. Kwa hiyo ombi linaweza kurudiwa hata mara kumi na pesa ikatoka mara moja tu. Anayetaka kuiona mbinu hii ikifanya kazi atazame API (mlango wa programu kuulizana) ya M-Pesa ambayo Vodacom imeifungulia umma. Kila ombi la malipo linabeba kitambulisho kilichobuniwa na mfanyabiashara mwenyewe. Katika orodha yake ya misimbo ya majibu, INS-9 maana yake muda wa kusubiri umekwisha, na INS-10 inayoifuata maana yake muamala huu umejirudia. Aliyeipanga orodha ile huenda alifuata namba tu, lakini kwa mwanafunzi misimbo hiyo miwili ni somo zima: ukikutana na ya kwanza, ya pili ndiyo inayokulinda.

Serikali yetu nayo ina mfano mzuri wa ufundi huu, na nadhani haujapewa sifa inayoustahili. Kuanzia 2017 malipo ya taasisi za umma yalianza kupitishwa kwenye mfumo wa GePG uliojengwa na wataalamu wa ndani chini ya Wizara ya Fedha. Mkazi wa Kiseke anayelipia kodi ya ardhi anaujua kwa jina moja tu: namba ya kumbukumbu ya malipo, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Nyuma ya namba hiyo mazungumzo hayaendi kwa kuulizana na kujibiana papo hapo kama watu wanaogombana dirishani. Taasisi inatuma ankara. GePG inajibu mara moja kwamba ujumbe umepokelewa, basi. Namba ya malipo yenyewe inakuja baadaye, GePG ikiipeleka kwenye mfumo wa taasisi, na taasisi nayo inakiri kupokea. Mwananchi akilipa, taarifa ya malipo inasafiri kwa mtindo uleule: inatumwa, inakiriwa, kila upande unaandika kwake. Kisha siku ikiisha, pande zote zinalinganisha hesabu.

Utaratibu huo unaweza kuonekana mrefu bila sababu. Sababu ipo. Mfumo wa taasisi ndogo wilayani unaweza kuwa umezimika kwa kukosa umeme saa ile mwananchi analipa. Kama mazungumzo yangetaka wote wawe macho kwa wakati mmoja, malipo yangeshindikana. Kwa kuwa kupokea ujumbe kumetenganishwa na kuushughulikia, aliyelala ataamka akute ujumbe unamsubiri. Naona utu katika usanifu wa namna hii: aliyeusanifu alijua hali halisi ya nchi yake, akaichukulia kuwa kawaida.

Huko kulinganisha hesabu za siku ndiko ninakokuheshimu kuliko yote, ingawa wanafunzi hukuruka kwa kudhani ni kazi ya wahasibu. Saa za seva nyingi huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Muamala uliofanyika hapa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, kwenye seva umeandikwa kuwa wa Jumatatu. Mfumo mmoja ukihesabu kwa saa za hapa na mwingine kwa UTC, kila asubuhi kutakuwa na miamala inayokosekana upande huu na kuzidi upande ule, na mhasibu atahangaika kutafuta mwizi asiyekuwepo. Fundi mzuri huandika muda wote kwa UTC, akaugeuza kuwa wa Afrika Mashariki pale tu unapomfikia binadamu. Ni kanuni ya mstari mmoja, lakini ikikosekana inaharibu wiki nzima.

Sasa usalama. Hapa watu wengi huanza na kumaliza na kufuli lile dogo kwenye kivinjari, yaani TLS. TLS ni jambo jema, toleo lake la 1.3 lilitoka 2018, na leo hakuna udhuru wa kujenga huduma bila hiyo. Lakini inalinda njia tu. Ujumbe wa malipo ukishafika na kufunguliwa, TLS haiwezi kumwambia mkaguzi miezi sita baadaye kwamba taasisi fulani ndiyo iliyotuma ankara ya kiasi fulani. Ndiyo maana ujumbe wa GePG hubeba sahihi ya kidijiti ndani yake. Mtumaji ana ufunguo wa siri anaotilia sahihi. Mpokeaji ana ufunguo wa umma wa kuihakiki. Gari linaweza kusindikizwa na askari kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, lakini barua iliyomo bado inahitaji muhuri wa aliyeiandika. Hesabu inayobeba sahihi hizo, ile ya RSA, imekuwepo tangu 1977, na inamtaka fundi awe mkali kupita kiasi: ikibadilika nafasi moja tupu ndani ya XML baada ya kutiwa sahihi, sahihi inakataa. Wanaojifunza hupoteza siku nyingi hapo. Sioni kuwa ni hasara, maana wakitoka wanajua kwa mikono yao kwamba sahihi inalinda herufi zilezile zilizotiwa sahihi, na haijui kabisa maana yake.

Kosa linaloumiza zaidi, hata hivyo, ni jepesi zaidi kuliko yote hayo. Tuseme zahanati ina huduma ya kuwapa wagonjwa majibu ya maabara, na anwani ya jibu lako inaishia na 4051. Umeingia kihalali, kwa namba yako ya siri, na njia imefungwa kwa TLS. Ukiandika 4052 badala ya 4051, unapata nini? Kama unapata majibu ya jirani, mfumo huo uko wazi hata ukiwa na makufuli yote duniani. Umekuuliza wewe ni nani, ukasahau kuuliza kama unachokitaka ni chako. OWASP, jumuiya inayofuatilia udhaifu wa programu, iliweka kosa hili namba moja katika orodha yake ya hatari za API ya 2019, na ilipoipitia upya 2023 ikaliacha palepale. Halihitaji mdukuzi mwenye vifaa. Mtoto wa sekondari mwenye udadisi anatosha. Dawa yake ni uvumilivu: katika kila mlango, katika kila ombi, bila kuchoka, programu iulize maswali yote mawili. Hakuna njia ya mkato, wala kununua kifaa hakutakusaidia. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu Tanzania ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda. Kwangu mimi, kabla ya sheria kuna mama fulani ambaye majibu yake ya kipimo si ya kusomwa na mtaa.

Nimesema maneno mengi kuhusu seva. Kitu kinachonifanya nivue kofia kabisa kipo ukutani kwako, na hakina mtandao wowote.

Mita nyingi za LUKU, hizi za umeme wa kulipia kabla, haziwasiliani na TANESCO. Hazina laini ya simu, hazina waya wa data. Hata hivyo mita inajua kutofautisha tokeni halali na ya kubuni, inajua tokeni hiyo ni ya yuniti ngapi, na inajua kama ulishaitumia. Inajuaje? Mfumo huo unaitwa STS, ulizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na sasa ni kiwango cha kimataifa. Zile tarakimu 20 ni ujumbe wenye biti 66. Biti 2 zinaeleza aina ya tokeni. 64 zilizobaki zimefichwa kwa ufunguo. Ndani ya hizo 64 kuna biti 16 za kiasi cha umeme, biti 24 za utambulisho wa tokeni, biti 16 za kukagua kama kuna tarakimu iliyokosewa, na chache za aina ndogo na za kubahatisha. Hakuna biti iliyokaa bure. Ufunguo wa mita yako umetokana, pamoja na mambo mengine, na namba ya mita hiyo, ndiyo maana tokeni ya jirani haikufai hata muwe mnatumia ukuta mmoja. Mashine ya kuuzia umeme inaweza kuukokotoa ufunguo huohuo; mita inao tayari tumboni. Zimekubaliana siku mita ilipoandaliwa, na hazihitaji kuzungumza tena. Anayebeba ujumbe kati yao ni wewe, kwa vidole vyako.

Zile biti 24 za utambulisho zinahesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993. Kwa njia hiyo kila tokeni ina dakika yake, na mita inakumbuka zilizopita ili zisitumike mara ya pili. Lakini biti 24 zinahesabu hadi dakika 16,777,216 tu, na hizo ziliisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu ilipaswa kuanza upya, na hapo palikuwa na hatari: hesabu ikianza upya, tokeni iliyokwishatumika zamani inaweza kuonekana mpya. Waliosanifu walikuwa na jibu. Ukianzisha hesabu mpya, badilisha na ufunguo. Tokeni za zamani zilifichwa kwa ufunguo wa zamani, kwa hiyo kwa mita yenye ufunguo mpya ni takataka.

Wasomaji wanaukumbuka mwaka 2024. Mtu ananunua umeme, badala ya kundi moja la tarakimu 20 anapata matatu. Wengi walinung'unika, na wengine walidhani ni utapeli. Makundi mawili ya kwanza yalibeba ufunguo mpya, uliokatwa vipande viwili kwa kuwa haukuenea katika tokeni moja. Kundi la tatu ndilo lililokuwa umeme wenyewe. Nchi nzima ilibadilisha funguo za mita kwa mikono ya wapishi, wanafunzi, bibi na wauza duka, bila fundi kugonga mlango wa kila nyumba. Sijui kazi nyingine ya usalama wa kompyuta iliyofanywa na watu wengi kiasi hicho bila wao kujua kwamba wanaifanya.

Haya yote yanafundishika, na yanafundishika hapahapa. Nimewatazama vijana wanaojifunza Kiseke, na wanaofika mbali wana tabia moja: hawaishii pale programu inapokubali. Kijana wa namna hiyo anaandika huduma tatu ndogo kwenye kompyuta moja, tuseme ya oda, ya malipo na ya kutuma ujumbe, kila moja kwenye mlango wake. Kisha anaizima ya malipo katikati ya oda, makusudi, aone ya oda itafanya nini. Anachelewesha jibu kwa sekunde 40. Anatuma ombi moja mara mbili kwa wakati mmoja. Anajifanya mteja wa 4051 na kuomba ya 4052. Anasoma kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari, hadi ajue ombi lilipita wapi na lilifia wapi. Anahakikisha funguo za siri hazikai ndani ya msimbo anaoupandisha hadharani. Haihitaji mashine kubwa. Mazingira yetu yenyewe ni mwalimu: bando linakata, umeme unakata, na huduma zake zinapata mtihani ambao mwenzake wa London inabidi autengeneze wa bandia.

Mwaka 1994 Peter Deutsch, akiwa Sun Microsystems, aliorodhesha mambo ambayo wajenzi wa mifumo ya aina hii huyadhania kimakosa. La kwanza ni kudhani kwamba mtandao hauna hitilafu. Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi kadhaa za jirani. Sisi wa kanda ya Ziwa, tulio mbali na bahari, tuliisikia siku hiyohiyo. Mifumo iliyojengwa na mtu aliyeamini mtandao haukatiki ilikwama na kupoteza oda. Iliyojengwa na mtu aliyejiuliza mapema ilipanga maombi foleni, ikasubiri, ikaendelea kebo zilipopata nafuu, bila kumkata mtu mara mbili.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaonunua mifumo hapa Mwanza: viongozi wa SACCOS, wakuu wa shule, wenye hospitali na maghala ya samaki. Kijana akija kukuonyesha mfumo wake, usianze na rangi za skrini. Mwulize: jibu la malipo lisiporudi, mfumo wako unafanya nini? Nikibadilisha namba kwenye anwani nitaona taarifa za nani? Hesabu za jana zinalinganishwa na nani, saa ngapi? Akiwa na majibu, mlipe vizuri na umpe muda wa kutosha. Asipokuwa nayo, mpe nafasi akayatafute, kisha umwite tena.